Swali Lisisubiri Mwaka wa Mwisho

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anapokutana na msimamizi wake kwa mara ya kwanza, huja na mada. Anataka kuandika kuhusu vijana na mitandao ya kijamii, au mabadiliko ya tabianchi, au mikopo midogo kwa wanawake. Msimamizi humuuliza: sawa, lakini unataka kujua nini? Hapo ndipo mazungumzo hukwama. Si kwamba mwanafunzi huyo ni mzembe au hana akili. Amefaulu mitihani mingi kufika hapo, na kila mtihani ulimletea maswali yakiwa yamekwisha kutungwa, kuchapwa na kuwekewa alama pembeni. Kazi ya kutunga swali lenyewe hajawahi kupewa. Sasa anadaiwa aifanye ndani ya miezi michache, na papo hapo ajue kukusanya data, kuichambua, na kutetea alichokipata mbele ya jopo.

Yanayofuata tunayajua. Sura ya kwanza inafanana na ya mwenzake aliyetangulia, dodoso limeazimwa mahali, na hitimisho linathibitisha jambo ambalo kila mtu alilijua kabla kazi haijaanza. Kisha wahadhiri hulalamika kwamba wanafunzi wa siku hizi hawana ari ya utafiti. Naona lawama hiyo imeelekezwa kusikostahili. Ari ya utafiti haichipui ghafla mwaka wa mwisho ikiwa miaka yote ya nyuma ilitumika kumzoesha mtu kwamba kusoma ni kupokea majibu na kuyarudisha yalivyo.

Ninachokitetea hapa ni kujifunza kwa udadisi: ufundishaji unaomwanzisha mwanafunzi kwenye swali au tatizo, akatafuta ushahidi, akaupima, akatoa jibu na kulisimamia, huku mhadhiri akimwongoza badala ya kumsomea notisi. Ila sababu yangu inatofautiana kidogo na zile zinazotajwa mara kwa mara. Kwamba mbinu hii inachangamsha darasa, sawa. Kwamba wanafunzi hukumbuka zaidi, inategemea, na nitalirudia hilo. Faida ambayo sioni inapatikana kwa njia nyingine ni kwamba inamfunza mtu kutambua kama jibu, hasa jibu lake mwenyewe, limesimama juu ya ushahidi wa kutosha au linaning'inia tu.

Wazo lenyewe si geni hata kidogo. Chuo Kikuu cha Berlin kilipoanzishwa mwaka 1810, Wilhelm von Humboldt, aliyekuwa akisimamia elimu katika serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani ya enzi hizo, alishikilia kwamba chuoni mwalimu hayupo kwa ajili ya mwanafunzi. Wote wawili wapo kwa ajili ya elimu, na elimu hiyo ichukuliwe kuwa ni jambo ambalo halijakamilika wala halitakamilika. Mwaka 1909 mwanafalsafa wa elimu John Dewey aliwaambia wanasayansi wa Marekani kwamba sayansi inafundishwa mno kama shehena ya mambo yaliyokwisha kupatikana, na kidogo mno kama njia ya kufikiri. Mwaka 1998 Tume ya Boyer, iliyochunguza elimu ya shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya utafiti vya Marekani, ikapendekeza kujifunza kwa udadisi kuanzie mwaka wa kwanza. Kati ya Humboldt na tume hiyo kuna karibu miaka 190, na bado jambo lilelile linapendekezwa kana kwamba limegunduliwa jana. Hilo peke yake linapaswa kututia shaka. Kama faida ziko wazi kiasi hicho, kwa nini kumbi za mihadhara ziko vilevile?

Sehemu ya jibu ni kwamba jina moja hubeba vitu vingi. Kuna udadisi ambao mwanafunzi anapewa swali, mbinu na hata jibu, kazi yake ikiwa kuthibitisha. Kuna ule wa kupewa swali na mbinu, jibu akalitafuta. Kuna wa kupewa swali tu. Na kuna ule ulio wazi kabisa, ambao hata swali analitunga yeye. Tasnifu ya mwaka wa mwisho iko kwenye ngazi hiyo ya nne. Maabara nyingi za mwaka wa kwanza ziko kwenye ya kwanza. Katikati hapo mara nyingi hapana kitu, na mwanafunzi anatarajiwa aruke.

Chukua jaribio ambalo karibu kila aliyesoma fizikia amelifanya: pendulumu, yaani kitu kizito kinachoning'inizwa kwenye uzi na kubembezwa. Kitabu kinasema muda wa mbembeo mmoja unategemea urefu wa uzi na nguvu ya mvutano wa dunia, na kwamba haijalishi umekivuta kitu hicho kwa pembe kubwa au ndogo. Mwanafunzi anapima, anapata namba iliyo karibu na ya kitabu, anaandika “kosa la kibinadamu” palipotofautiana, anafunga daftari. Alama nane kwa kumi. Amejifunza nini? Amejifunza kwamba kitabu hakikosei, na kwamba kipimo chake kikipingana na kitabu, chenye makosa ni kipimo.

Wanafizikia Natasha Holmes, Carl Wieman na Doug Bonn walibadili jambo dogo katika maabara ya namna hii, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Wanafunzi waliambiwa walinganishe vipimo vyao, kwa mfano vya pembe mbili tofauti, wajiulize kama tofauti iliyopo ni kubwa kuliko shaka iliyomo ndani ya vipimo vyenyewe, kisha waamue namna ya kuviboresha na kupima tena. Basi. Hawakuongezewa vifaa vya gharama.

Kinachotokea baada ya hapo kinastahili kuangaliwa kwa makini. Kwa uzi wa mita 1, mbembeo mmoja huchukua takriban sekunde 2. Tofauti ya kweli kati ya kuanzia digrii 10 na kuanzia digrii 20 ni kama sekunde 0.011 tu. Kidole cha mtu kwenye saa ya kupimia kinaweza kukosea kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo ukipima mbembeo mmoja tofauti hiyo inamezwa na wala huioni. Kitabu kinaonekana kiko sahihi. Lakini mwanafunzi aliyeambiwa aboreshe atafikia kupima mibembeo 50 mfululizo na kugawanya. Kosa la kidole nalo linagawanyika kwa 50, linashuka hadi sekunde 0.002, na tofauti inajitokeza. Sasa ana tatizo. Kanuni ya kitabu inasema hapapaswi kuwa na tofauti, na vipimo vyake, ambavyo ameviboresha kwa jasho lake, vinasema ipo. Hapo ndipo anapogundua kwamba ile kanuni ni ya makadirio, inafaa kwa pembe ndogo tu. Galileo mwenyewe aliamini muda haubadiliki. Mwanasayansi wa Uholanzi Christiaan Huygens alionyesha katika kazi yake ya mwaka 1673 kwamba ili muda usibadilike kweli, kitu kinachobembea lazima kifuate mkunjo wa aina nyingine, si duara. Na mwanafunzi mkali hatakomea hapo. Atauliza: mibembeo 50 ikiisha, pembe si imeshapungua? Je, bado ninapima digrii 20?

Katika utafiti huo, wanafunzi waliofundishwa hivyo walikuwa na uwezekano mara 12 zaidi ya kundi la kulinganishia wa kupendekeza au kufanya wenyewe mabadiliko ya kuboresha mbinu zao, na mara 4 zaidi wa kutumia data zao kutambua na kueleza kikomo cha nadharia. Tofauti hiyo ilionekana hata katika kozi ya mwaka uliofuata, wakati maelekezo hayo yalikuwa yameondolewa. Baadaye Holmes na wenzake waliangalia kozi tisa katika taasisi tatu ambazo maabara zake zilikusudiwa kukazia yaliyofundishwa kwenye mihadhara, na hawakuona maabara hizo zikisaidia chochote kinachopimika katika mtihani wa maudhui hayo. Kwa maneno mengine, maabara ya kuthibitisha kitabu haifundishi utafiti, na hata kitabu chenyewe haikikazii.

Mfano wa pendulumu naupenda kwa sababu hauna mbwembwe. Upo mwingine wenye mbwembwe zaidi. Tangu 2008, Taasisi ya Tiba ya Howard Hughes ya Marekani imekuwa ikiendesha, pamoja na Graham Hatfull wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, programu ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huchota udongo, hutenga humo virusi vinavyoshambulia bakteria, huvipa majina na kuchambua vinasaba vyake. Karibu kila kirusi wanachokipata hakijawahi kuandikwa na mtu. Virusi vya namna hiyo vilitafutwa na wanafunzi kwingineko pia. Mwaka 2010, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, alikipata kimoja kwenye biringanya lililooza, kikaitwa Muddy. Mwaka 2019 jarida la Nature Medicine liliripoti kuhusu mgonjwa wa miaka 15 nchini Uingereza, aliyekuwa na maambukizi yaliyoshindikana kwa dawa baada ya kupandikizwa mapafu. Alitibiwa kwa mchanganyiko wa virusi vitatu vya aina hiyo, Muddy akiwemo, na hali yake ikapata nafuu.

Kisa hicho husimuliwa sana, na kina hatari yake. Virusi vingi walivyovipata wanafunzi havitamtibu mtu yeyote, na kozi nzuri haihitaji muujiza ili ihesabike kuwa nzuri. Kilichonivutia ni kingine: mhadhiri hakuwa na jibu mfukoni. Wanafunzi hutambua upesi sana kama swali waliloulizwa ni la kweli au la mchezo. Wakijua jibu limo kwenye mwongozo wa mhadhiri, akili yao yote huenda kwenye kubahatisha anachokitaka. Wakijua hata yeye hajui, wanageukia data.

Wala maabara si lazima. Mwanafunzi wa uhasibu apewe hesabu za miaka mitano za kampuni ambayo faida inaongezeka kila mwaka huku fedha taslimu zikipungua, aulizwe fedha zimekwenda wapi. Mwenye kukariri anaweza kueleza maana ya mizania neno kwa neno na bado asione chochote. Mwenye kuchunguza ataanza kufuatilia: wadaiwa wanaongezeka kwa kasi kuliko mauzo? Bidhaa zimerundikana ghalani? Gharama za kawaida zimeandikwa kama mali ili zisionekane kwenye faida? Kila swali linampeleka ukurasa mwingine wa hesabu, na mwishoni anaweza kukuta kuna maelezo mawili yanayowezekana na hesabu zilizopo haziamui kati yake. Akiandika hivyo, akasema ni nyaraka gani ingeamua, huyo amejifunza ukaguzi. Mwanafunzi wa sheria apewe hukumu mbili zinazokinzana bila kuambiwa ipi ilitenguliwa. Wa historia apewe barua mbili na ripoti moja ya serikali juu ya tukio moja. Vitu hivi haviligharimu chuo hata senti. Vinamgharimu mhadhiri muda wa kuvitafuta, na huo ndio mzigo wenyewe.

Watetezi wa mbinu hii hupenda kutaja uchambuzi wa Scott Freeman na wenzake wa mwaka 2014, uliokusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati katika vyuo. Katika madarasa ya mihadhara mitupu waliofeli walikuwa asilimia 33.8 kwa wastani; katika madarasa ambamo wanafunzi walishiriki kwa vitendo, asilimia 21.8. Ni takwimu nzito. Lakini zinahusu ufundishaji shirikishi wa kila aina, ikiwemo kujibu maswali mafupi katikati ya mhadhara na kujadiliana na jirani. Kuzichukua kama ushahidi wa udadisi peke yake ni kosa lilelile tunalotaka wanafunzi waache kulifanya.

Na wapinzani wana hoja. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika makala iliyowaudhi wengi, wakisema ufundishaji unaomwachia mwanafunzi ajivumbulie bila mwongozo haufanyi kazi. Hoja yao inaanzia kwenye kumbukumbu ya muda mfupi ya binadamu, ambayo hubeba vitu vichache sana kwa wakati mmoja. Mtu asiye na msingi akitupwa kwenye tatizo gumu, uwezo wake wote huishia kwenye kutapatapa, na hakuna kinachobaki cha kujifunzia. Mtaalamu hahangaiki hivyo kwa sababu tayari ana maarifa yaliyopangika kichwani. Mwaka 2011 Louis Alfieri na wenzake walipochambua tafiti 164, walikuta kwamba ugunduzi usio na msaada ulishindwa na ufundishaji wa moja kwa moja. Ila katika uchambuzi huohuo, ugunduzi wenye mwongozo, maoni ya mara kwa mara na mifano iliyofanyiwa kazi ulizishinda njia nyingine.

Nakubaliana na Kirschner na wenzake kuliko watetezi wenzangu wangependa. Nimeona madarasa ambayo mhadhiri anagawa mada, anasema “katafiteni,” anatoweka wiki tatu, kisha anarudi kusikiliza wanafunzi wakisomeana kurasa walizozichota mtandaoni. Hilo huitwa kumweka mwanafunzi katikati ya somo. Kwa kweli ni kumtelekeza. Udadisi unahitaji mwalimu afanye kazi zaidi, siyo kidogo: achague swali lililo na ukubwa unaofaa, ajue mapema mahali ambapo wengi watakwama, aingilie dakika inayofaa, na wakati mwingine asimame mbele afundishe kwa nusu saa bila kuona haya. Mhadhara si adui. Kazi za mtafiti wa elimu Manu Kapur kuhusu kushindwa kwenye manufaa zinaonyesha jambo linalofanana na hilo: wanafunzi wanapojaribu kwanza kubuni wao wenyewe namna ya kupima, tuseme, mtawanyiko wa data, wakashindwa, halafu wakafundishwa waziwazi kanuni yenyewe, huielewa kwa kina zaidi kuliko walioanza na kanuni. Kushindwa kulifungua nafasi, na mafundisho yakaijaza. Ukiondoa hatua ya pili unabaki na kushindwa tu.

Kuna swali jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni nani hasa anayefaidika. Mwanahisabati R. L. Moore alifundisha Chuo Kikuu cha Texas tangu 1920 hadi 1969 kwa njia iliyokuja kubeba jina lake: hakuna kitabu, hakuna mhadhara, unapewa misingi na maana za istilahi, unathibitisha kila kitu mwenyewe mbele ya wenzako, na hairuhusiwi kuchungulia maandishi ya wengine. Alizalisha wanahisabati wakubwa. Pia alikataa kuwafundisha wanafunzi Weusi. Sitaji hilo ili kuitia doa mbinu kwa sababu ya mtu. Nalitaja kwa sababu udadisi ni jambo linalofanyika mbele za watu, na chumba chenye watu kina wakubwa na wadogo wake hata pasipo mbaguzi mlangoni.

Ushahidi hapa umepasuka vipande viwili. Utafiti wa Sandra Laursen na wenzake wa mwaka 2014 kuhusu madarasa ya hisabati vyuoni ulikuta kwamba katika madarasa ya kawaida wanawake walitoka na mafanikio madogo kuliko wanaume kwa maelezo yao wenyewe, hasa katika kujiamini, na katika madarasa ya udadisi pengo hilo lilitoweka. Mwaka 2020 Estrella Johnson na wenzake wakaangalia madarasa ya aljebra dhahania yaliyofundishwa kwa udadisi wakakuta kinyume: wanaume waliwashinda wanawake katika mtihani, tofauti ambayo haikuonekana katika kundi la kulinganishia. Tafsiri yangu ni kwamba mbinu haina jinsia. Kinachoamua ni nani anashika kalamu kwenye kundi na nani anageuzwa karani. Ukiwaacha wanafunzi wajipange wenyewe, wanaozungumza kwa sauti kubwa ndio watakaochunguza, na waliobaki watawatazama. Mhadhiri anayegawa majukumu kwa zamu, anayemtaka kila mmoja aandike jibu lake kabla ya mjadala kuanza, analizuia hilo kwa kiasi kikubwa. Ni jambo dogo, na kwa kuwa ni dogo, hupuuzwa.

Halafu wapo wanafunzi wenyewe, ambao mara nyingi hawaitaki mbinu hii. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha jaribio la darasa la fizikia lililowagawa wanafunzi bila upendeleo, kundi moja likisikiliza mhadhara uliopangika vizuri na jingine likipambana na matatizo yaleyale kwa vikundi. Kundi la pili lilifanya vizuri zaidi katika mtihani, ila lilihisi limejifunza kidogo. Si ajabu. Mhadhara wa mtu hodari hutiririka, kila hatua inaonekana dhahiri, na msikilizaji hutoka akiamini ameelewa. Anayehangaika na tatizo hutoka akiwa amechoka na amejua vizuri asichokijua. Sasa weka mwisho wa muhula fomu ya kumtathmini mhadhiri, na fomu hiyo ihesabike kwenye kupandishwa kwake cheo. Mhadhiri kijana asiye na ajira ya kudumu atachagua nini? Chuo kinachosema kinataka udadisi huku kikimpima mwalimu kwa jinsi wanafunzi walivyojisikia, kinajipinga chenyewe. Deslauriers na wenzake walipendekeza kuwaeleza wanafunzi mapema kwamba ule ugumu wanaouhisi ni dalili ya kujifunza. Inasaidia. Ila mimi ningeanza na fomu.

Mitihani nayo. Mwanafunzi huwa hasomi mtaala, husoma karatasi za mitihani iliyopita, na katika hilo ana akili kuliko wanaoandika mitaala. Mtihani ukibaki “taja na ueleze sababu tano,” hata mhadhiri afanye nini darasani, madesa yatashinda. Na sasa mashine imeingia. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu na kuandika, ilipotolewa Novemba 2022, insha ya nyumbani ya aina hiyo haipimi kitu tena. Akili mnemba inaiandika kwa sekunde chache, kwa sarufi safi, na pengine ikabuni chanzo kimoja au viwili njiani. Wapo wanaosema kwa kuwa majibu yamekuwa rahisi, kujifunza kuyatafuta kumepitwa na wakati. Naona mambo yako kinyume. Majibu yakijaa, kinachoadimika ni mtu wa kuyapima.

Na kuyapima ni ujuzi, hauji wenyewe kwa kusoma sana. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaweka watu 45 mbele ya tovuti za kutathmini: wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wahakiki wa taarifa wa vyombo vya habari, na wanafunzi wa chuo hicho. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya tovuti, wakaisoma kwa makini kutoka juu hadi chini, na mara nyingi wakadanganywa na nembo nzuri na lugha ya kitaalamu. Wahakiki waliiacha tovuti ndani ya muda mfupi, wakafungua kurasa nyingine kuuliza: hawa ni nani, nani anawalipa? Walisoma kidogo wakajua zaidi. Fikiria hao wengine walikuwa nani: watu ambao kazi yao ni kuhoji nyaraka. Kama wao walinaswa, mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kilichoandikwa ndicho kitajwe kwenye mtihani hana pa kujishikia.

Kwa darasa la watu 400 haya yote yanasikika kama anasa, najua. Udadisi wa wazi kwa watu 400 hauwezekani, tusidanganyane. Kinachowezekana ni swali moja kwa kila kozi kwa muhula, vikundi vya watu wanne, data moja iliyokatwa vipande ili kila kikundi kiwe na kipande chake na jibu lake, na kazi ya kuwasilisha isiyozidi kurasa mbili: tulidhani nini, tulipima nini, kitu gani kilitulazimisha tubadili mawazo. Sehemu hiyo ya tatu ipewe alama nyingi kuliko jibu. Kikundi kimoja kwa bahati nasibu kiitwe kieleze uamuzi wake kwa mdomo; taarifa kwamba kinaweza kuitwa inatosha kuwafanya wengine wajue walichokiandika. Na kitu lazima kiondoke kwenye mtaala. Hakuna njia ya kuongeza uchunguzi juu ya mada 14 ambazo hata sasa hufundishwa kwa kukimbizwa. Mada nne zikienda, watu watalalamika, hasa mhadhiri ambaye mada yake ya moyoni imeenda.

Lipo pia suala la kozi ya mbinu za utafiti, ile inayowekwa muhula mmoja kabla ya tasnifu na kufundisha sampuli, dodoso na uhalali wa vipimo kwa watu ambao hawana swali lolote la kuvitumia. Mimi ningeivunja. Vipande vyake ningevigawa kwenye kozi za kawaida tangu mwaka wa kwanza: suala la sampuli lifundishwe siku ambayo kikundi kimepata majibu mawili tofauti kutoka sampuli mbili, na suala la uhalali siku ambayo kipimo kimewadanganya. Idara ambayo haiko tayari kwa hilo inaweza kuanza na maabara moja au semina moja ya mwaka wa kwanza, ikafuta kwenye mwongozo ile namba ambayo mwanafunzi anatarajiwa kuipata, na kuweka mahali pake nafasi ya kupima mara ya pili.